Game Boy iliyokuwa ikizima kwenye besi: uchambuzi wa kisa kimoja cha Mwanza

Malalamiko yalikuwa mawili, ila mwenye mashine aliyaleta kama moja. Ni kijana anayepiga muziki kwenye shughuli za Kirumba na Igoma: harusi, kipaimara, mara nyingine ufunguzi wa duka. Wenzake hubeba kompyuta, yeye hubeba Game Boy ya kwanza kabisa, ile nene ya kijivu iliyotoka Japani mwaka 1989, yenye maandishi DMG-01 mgongoni. "Fundi," alisema, "ikifika kwenye besi inazima. Halafu ukumbini inavuma kama jenereta." Alitaka nibadilishe chipu ya kukuza sauti, na alikuwa ameshaulizia bei ya kuiagiza.

Nilimwomba kwanza anipigie wimbo unaozima, mashine ikiwa mkononi mwake, nami nikawa naangalia ile taa nyekundu iliyo kushoto mwa kioo. Taa hiyo inakula moja kwa moja kutoka kwenye umeme wa mashine, kwa hiyo volti zikishuka nayo hufifia. Kila besi ilipogonga, taa ilififia. Ilipofika sehemu ambayo besi tatu zinafuatana haraka, taa ikazama, kioo kikawa cheupe, na maandishi ya Nintendo yakaanza kushuka upya kutoka juu. Mashine haikuwa imezima kwa maana ya kufa. Ilikuwa imekosa umeme kwa kitambo kidogo sana, ikajiwasha upya. Chipu ya sauti haina uwezo wa kufanya hivyo ikiwa nzima, na ilikuwa nzima, kwa sababu sauti ilikuwa safi hadi dakika ya mwisho.

Kwa msomaji asiyejua mashine hii inapigaje muziki, ni hivi. Ndani kuna sauti nne tu: mbili za wimbi la mraba, moja ya wimbi unalolichora mwenyewe kwa nukta 32 zenye ngazi 16, na moja ya kelele ambayo wapigaji huigeuza kuwa ngoma na kayamba. Kijana huyu anatumia Little Sound Dj, programu ya Johan Kotlinski wa Sweden iliyoanza kutoka mwaka 2000. Ndani yake unapanga noti kwenye mistari 16, unaunganisha mistari kuwa minyororo, na minyororo kuwa wimbo. Mwendo wake unafika mapigo 295 kwa dakika, na hapo ndipo ilipomnasa, maana singeli huanzia kama mapigo 200 na kuendelea kupanda. Anachofanya yeye ni kuchukua kasi hiyo na kuiwekea mapigo ya ngoma za Kisukuma aliyokua akiyasikia Kisesa, kule Bujora, wakati wa sikukuu ya Bulabo, pale vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinaposhindana kuvuta watazamaji. Besi yote anaiweka kwenye ile sauti ya wimbi la kuchora. Ni muziki mzuri. Nasema hivyo ingawa mimi ni mtu wa rumba.

Sasa historia ya mashine yenyewe, kwa sababu nusu ya ugonjwa ulitoka humo. Aliipata kwa ndugu yake, ikiwa haijawahi kufunguliwa. Baadaye fundi mmoja wa simu aliifanyia mambo mawili ambayo wapigaji wengi huyataka. La kwanza ni taa ya nyuma ya kioo, maana DMG haikuzaliwa na taa na ukumbini usiku huoni kitu. La pili ni tundu jipya la sauti linalochukua mlio kabla haujapita kwenye chipu ya kukuza, pale kwenye miguu ya volyumu. Kazi hii ya pili ina sababu ya maana. Njia ya kawaida ya kwenda kwenye tundu la hedifoni hupitia kikuza sauti kilichotengenezwa kwa ajili ya kispika kidogo, na humo besi hupungua na sauti ya chini ya mkwaruzo huongezeka. Ukichukua mlio mapema, besi inatoka kamili. Kwa hiyo fundi yule alijua anachokifanya. Palipomshinda ni umeme.

Kufungua kulikuwa na shida yake. Kava la nje limefungwa kwa skrubu za miguu mitatu, nne pembeni na mbili ndani ya nyumba ya betri. Mafundi wa simu wanazo bisibisi za umbo hilo kwa ajili ya iPhone, lakini hizo ni ndogo mno kwa DMG. Zinaingia, zinazunguka, zinakula kichwa cha skrubu. Mbili kati ya sita zilikuwa zimeshaliwa hivyo, nikazitoa kwa kuchonga mfereji katikati na kutumia bisibisi bapa. Ndani skrubu ni za kawaida za msalaba. Ukitenganisha pande mbili, usivute kwa nguvu, kwa sababu bodi ya kioo na bodi kuu zimeunganishwa na utepe mmoja mpana.

Ndani nilikuta ukungu wa kijani kwenye vyuma vya betri na mguu mmoja wa swichi ya kuwashia. Kijana akasema ni hewa ya ziwa, kwa sababu anakaa karibu kabisa na maji. Maelezo hayo nimeyasikia kwa watu wengi hapa mjini na siyakubali. Hewa inayokula vyuma ni ya chumvi, ya Dar au Tanga. Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, hayana chumvi ya kuruka hewani. Unyevu upo, ndiyo, na unaharakisha kazi, lakini kinacholeta kijani ni betri iliyovuja.

Na hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hulirukia. Ushauri unaozunguka mitandaoni ni kusafisha uvujaji kwa siki au ndimu. Ushauri huo ni wa betri za alkalini, ambazo huvuja kitu chenye asili ya magadi, na asidi ya ndimu inakituliza. Betri alizokuwa akitumia kijana huyu ni zile za bei ya chini za redio na tochi, za zinki na kaboni. Hizo huvuja kitu chenye asidi. Ukiongeza ndimu juu yake unaongeza asidi juu ya asidi. Kinachotakiwa ni baking soda kidogo iliyoyeyushwa kwenye maji, unapaka kwa mswaki wa zamani, unafuta, kisha unamalizia na spiriti. Soma maandishi ya betri iliyovuja kabla hujakimbilia jikoni.

Kuhusu spiriti: ile ya duka la dawa mara nyingi ni ya asilimia 70, iliyobaki ni maji, kwa hiyo iache ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Thina, ambayo mabanda mengi ya simu hutumia kusafishia bodi, usiilete karibu na mashine hii. Inayeyusha plastiki ya kava na inatia ukungu kioo cha mbele, na kava halisi la mwaka 1989 hulipati tena kirahisi.

Turudi kwenye kuzima. Umeme wa DMG unatoka kwenye betri nne, volti 6, unapita kwenye swichi, ndipo unaingia kwenye bodi ndogo inayotengeneza volti 5 za chipu na volti hasi kubwa za kioo. Swichi ikiwa nzima, ukiweka mita pande zake mbili mashine ikiwa inawaka, unatakiwa usome karibu na sifuri. Nilisoma zaidi ya nusu volti, na namba ilirukaruka nilipoigusa swichi kwa kidole. Hiyo peke yake haitoshi kuzima mashine. Lakini betri za zinki zina ukinzani mkubwa wa ndani. Mita ikizipima zimetulia, zinaonekana nzuri, volti moja na nusu kila moja. Ukizidai mkondo mkubwa ghafla, zinalegea. Besi ikigonga, ndivyo zilivyofanya.

Swali lililobaki ni kwa nini besi idai mkondo mkubwa, wakati sauti inayokwenda kwenye spika za ukumbi haipiti kabisa kwenye kikuza sauti cha ndani. Jibu lilikuwa kwenye kidole gumba cha mpigaji. Kabla ya kuanza alikuwa akizungusha volyumu hadi mwisho, akidhani ndiyo inayoongeza sauti ukumbini. Kwa jinsi waya zilivyounganishwa, kabla ya volyumu, kizungusho hicho hakiathiri chochote kwenye tundu jipya. Kinachoongezeka ni kispika cha ndani tu, ambacho tundu jipya halikizimi, tofauti na tundu la hedifoni la kiwandani. Kwa hiyo usiku mzima kispika kidogo kilikuwa kikipiga besi kwa nguvu zake zote ndani ya mkono wake, hakuna anayekisikia kwa sababu ya spika za ukumbi, na kinakula betri. Ongeza taa ya nyuma ya kioo ambayo haikuwepo kwenye hesabu ya Nintendo. Ongeza swichi iliyooza. Kila kimoja peke yake kingevumilika.

Nilimwambia ateremshe volyumu hadi sifuri apige tena kupitia tundu jipya. Wimbo ulifika mwisho. Hapo sikuwa nimelehemu kitu chochote bado, na nadhani ndipo alipoacha kuulizia ile chipu.

Mvumo ulikuwa na hadithi ndefu zaidi, kwa sababu ulikuwa mivumo miwili. Njia ya kuitenganisha ni kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa betri, kwenye hedifoni, nilisikia mlio mwembamba wa juu ambao ulibadilika kila nilipohama kutoka ukurasa mmoja wa programu kwenda mwingine. Mlio unaofuata kinachoonekana kwenye kioo unatoka ndani ya mashine, hauhusiani na ukumbi. Kwa adapta, mlio ule ulibaki na juu yake ukaja mvumo mzito, uleule alioulalamikia.

Mvumo mzito ulikuwa wa adapta. Alikuwa nayo ile nzito yenye kisanduku cha kuchagua volti na kugeuza chanya na hasi. Adapta za namna hii za zamani zina transfoma, daraja la dayodi na kapasita moja dogo, basi. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, ukipita kwenye daraja la dayodi unabaki na mawimbi 100 kwa sekunde, na kapasita dogo haliyafuti. Mita upande wa AC ilionyesha mawimbi hayo waziwazi mashine ilipokuwa ikiwaka. Tena adapta hiyo ikiwekwa 6 bila mzigo ilitoa zaidi ya hapo sana. Na jambo la kutisha zaidi: tundu la DMG lina hasi katikati, kinyume cha vifaa vingi vya siku hizi. Kile kisanduku cha kugeuza kilikuwa upande sahihi, lakini kilikuwa kinalegea, kikiguswa mfukoni kinahama. Adapta hiyo niliitenga na sikumrudishia hadi aliponiahidi kuitumia kwa redio.

Mlio mwembamba ulikuwa wa waya wa hasi. Fundi wa kwanza alihitaji mahali pa kuunganisha hasi ya tundu jipya, akachagua bodi ndogo ya kubadili volti kwa sababu ina eneo kubwa la bati, rahisi kulehemu. Palepale alirudisha hasi ya taa ya kioo. Matokeo yake ni kwamba mkondo wa taa, na mtetemo wote wa bodi ile, vilikuwa vikipita kwenye waya uleule ambao miksa inautumia kama sifuri ya sauti. Miksa haiwezi kujua kipi ni muziki na kipi ni mtetemo. Inakuza vyote.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo. Swichi niliing'oa, nikaifungua, nikasugua vyuma vyake na kurudisha. Kunyunyizia tu dawa na kuichezesha mara kadhaa husaidia mashine ambazo hazijavujiwa, kwa hii isingedumu. Kapasita za elektroliti kwenye bodi ya volti nilizibadilisha zote kwa thamani zilezile, mpya za dukani. Za kung'oa kwenye runinga mbovu sizitumii kwenye kazi ya sauti, hata kama zinapima vizuri, kwa sababu hujui zimeshachemka mara ngapi. Hasi ya tundu la sauti niliihamishia kwenye mguu wa hasi wa volyumu yenyewe, karibu kabisa na pale mlio unapochukuliwa, kwa waya wenye kinga. Hasi ya taa ikabaki ilipokuwa. Mlio mwembamba haukwisha wote, na hautakwisha kwenye DMG yoyote, lakini ulishuka hadi ukawa husikiki muziki ukianza.

Kwa umeme nilimshauri betri za kuchaji za NiMH, seti mbili. Mtu atauliza: hizo ni volti 1.2 kila moja, nne ni 4.8, mbona ni pungufu ya 6? Ndiyo, ila hazilegei zikidaiwa mkondo, na bodi ya volti inazimudu. Volti 4.8 zinazosimama ni bora kuliko 6 zinazoanguka. Tena jukwaani betri zinaondoa kabisa maneno ya adapta. Kwa kumbi ambazo miksa yenyewe ina mvumo, awe na kisanduku cha DI chenye transfoma, kinachokaa kati ya mashine na miksa, ambacho mafundi wengi wa muziki hapa mjini wanacho kwenye begi.

Yapo mambo aliyoyaomba nikakataa. Alitaka kioo kipya cha rangi cha IPS, ambacho sasa kinauzwa kwa ajili ya DMG. Ni kizuri kutazama. Kwa mtu anayecheza gemu ningekiweka. Kwa mtu anayepiga muziki, kinakula umeme zaidi na kinaingiza mtetemo wake mwenyewe ndani ya kava, yaani ningerudisha kwa mkono wa kushoto kile nilichoondoa kwa mkono wa kulia. Alitaka pia mashine iongezwe mwendo wa saa yake ili sauti zipande. Mwendo ukibadilika, noti zote hupanda pamoja nao, na yeye hupiga na mpiga gitaa. Tukaacha.

Nyimbo zake zilikuwa suala la peke yake. Programu huhifadhi wimbo kwenye kumbukumbu ya kaseti, na kumbukumbu hiyo hushikiliwa na betri ya kitufe ya volti 3. Betri hiyo ilikuwa nzima. Nyimbo mbili zilizoharibika ziliharibika kwa sababu mashine ilijiwasha upya wakati programu ikiandika, si kwa sababu kaseti imechoka. Hazikurudi. Zilizobaki tulizinakili kwenye kompyuta kwa kisomaji cha kaseti, na hapo ndipo nilipomsikia akikasirika, maana hakuna aliyewahi kumwambia kwamba jambo hilo linawezekana. Kuna watu wamebeba kazi ya miaka mitatu ndani ya betri ya ukubwa wa sarafu.

Nilikwenda kuisikiliza kwenye harusi moja Kirumba, nikasimama nyuma ya fundi wa miksa badala ya mbele ya spika. Alifungua njia ya Game Boy kabla kijana hajaanza, na hapakusikika kitu. Akaangalia kama waya umechomekwa. Halafu besi ya kwanza ikaingia, akashusha kitelezi haraka, maana alikuwa amezoea kukipandisha juu kwa ajili ya mashine hiyo.

Kimebaki kitu kimoja ambacho bado ananiuliza. Sauti ya wimbi la kuchora hutoa mlio mdogo, "tik", kila inapoanza noti baada ya kimya. Hiyo ni tabia ya chipu ya DMG yenyewe na ipo kwenye mashine mpya na mbovu sawasawa. Wengine huificha kwa kutoiacha sauti hiyo ikae kimya kabisa, wakiipunguza tu badala ya kuikata. Yeye ameamua kuiacha, akaipanga iangukie kwenye pigo la kayamba. Pia kuna mstari mmoja wa wima uliopotea upande wa kulia wa kioo. Huo unatibika kwa kupasha moto utepe ulio chini ya kioo kwa ncha ya pasi ya kulehemu, taratibu, lakini ukizidisha unapoteza mistari kumi badala ya mmoja, na mstari ule haufichi noti yoyote. Ukiongezeka wa pili, ailete mashine.